Plasta ya Mgeni Rasmi

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa jikoni kwangu, hapa Soweto, Mbeya, nikichambua mchele, mara mtoto wa dada yangu akaja na simu mkononi huku akicheka. "Mama mdogo, hebu mcheki huyu jamaa. Ni noma." Nikafuta mikono kwenye khanga, nikatazama. Kulikuwa na mzungu mmoja mwenye ndevu, amekaa mezani chini ya taa, na mbele yake nyumba ndogo ya matofali, inayoenea kwenye sinia, imetimia paa na madirisha. Nikadhani anaipaka rangi. Kumbe anaibomoa. Alikuwa na koleo dogo, anang'oa kona ya ukuta punje kwa punje, anakwangua plasta, anatoboa tundu, kisha anapaka masizi pembeni mwa tundu kwa brashi nyembamba. Kando ameshapanga kifaru na askari wadogo. Na chini yake watu wanamwaga sifa: kazi safi, hilo gofu ni gofu kweli kweli.

Nilimrudishia simu yake kwa nguvu mpaka nusura iangukie kwenye ungo. "Mama mdogo, mbona umekasirika?" Nikaendelea kuchambua, nikawa natupa mchele pamoja na mawe. Ningemwambia nini? Kwamba mwenzangu huyo anasifiwa kwa kubomoa, na mimi nilipewa zawadi kwa kuziba? Basi wewe unayesoma, kaa kitako nikusimulie, maana hasira hii ninayo tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na wanaosema muda huponya kila kitu hawakusoma shule niliyosoma mimi.

Kwetu ni Iringa, kijiji kimoja ukishauacha mji unaelekea Mafinga. Mwezi wa sita kwetu baridi si ya mchezo. Asubuhi ukungu unakuwa umelala juu ya mabua ya mahindi, na maji ya bomba ukiyagusa vidole vinauma. Tulikwenda shule na kiazi cha kuchemsha kimoja kila mfuko wa sweta. Njiani kinakupasha mikono, saa nne unakila na chumvi uliyofunga kwenye karatasi. Mpaka leo nikishika kiazi cha moto naisikia kengele ya shule ile, kipande cha rimu ya lori kilichoning'inizwa kwenye mti wa mpichi, na hapo hapo hamu ya kula inaniisha.

Baba alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za matofali kijijini kwetu ni mikono yake, na kanisa pia. Nilipokuwa mdogo nilimbebea timazi na pima maji kuliko nilivyobeba mdoli, na kabla sijajua kuzidisha kwa saba nilijua kuchanganya mchanga na saruji. Alinifundisha kupiga plasta kwenye ukuta wa banda la kuku. Mkono uwe mwepesi, alisema, mwiko upite kama unapaka siagi kwenye mkate, na usirudie rudie, ukuta haupendi kubembelezwa. Nilikuwa hodari. Hilo lazima nilikiri mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kabla hajawa mwashi, baba alikuwa askari. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi na vidole viwili vya mkono wa kushoto visivyokunjika, na kigugumizi. Lakini kigugumizi chake kilikuwa cha ajabu. Ukimgusa kwenye saruji, au bei ya mbao, au majirani wanaovuta mpaka wa shamba, alikuwa anazungumza kama redio. Ukimuuliza habari ya siku moja tu, siku ya nyumba fulani huko ng'ambo ya mpaka, midomo inaanza kucheza na neno halitoki. Mama alitukataza kuuliza.

Habari ya nyumba ile niliipata kidogo kidogo kwa mama, naye aliiokota baba akiweweseka usiku. Baba na rafiki yake walikuwa wameingia kwenye nyumba moja iliyokimbiwa na wenyewe, nyumba ya matofali yenye mlango mmoja na dirisha moja upande wa mbele. Rafiki huyo alikuwa Msangu wa Igawa, mtoto pekee wa mama yake. Zamu ya kulinda ukutani ilikuwa ya baba, lakini mkono wake ulikuwa umeshaumia, rafiki yake akamwambia akae mlangoni apumzike, yeye atamshikia zamu. Wakabadilishana. Muda mfupi baadaye kombora likapiga ukuta ule. Baba alirushwa nje kupitia mlangoni. Yule mwingine alibaki chini ya matofali, na kikosi hakikusubiri, kilisonga mbele siku hiyo hiyo.

Igawa ilifika barua tu. Barua ilisema hajulikani alipo. Na wewe unawajua watu. Neno "hajulikani alipo" halikukaa hata wiki moja, likawa "ametoroka". Ilisemwa sokoni, ilisemwa kwenye mashamba ya mpunga, ikasemwa kwamba ameonekana Chunya anachimba dhahabu kwa jina jingine, na ameoa. Mama yake akawa anaishi na aibu hiyo miaka kumi na ushei. Baba alimwandikia barua, mama akazisoma kabla hazijapostiwa, akasema hazieleweki. Hata mkono wake ulikuwa na kigugumizi ukifika pale.

Ndipo akaamua kuijenga.

Sijui wazo lilimjia wapi. Alichukua ubao mpana wa mninga uliobaki kwenye kazi ya kanisa, akauweka barazani, akaanza. Udongo aliuchukua kwenye kichuguu nyuma ya choo kwa sababu haupasuki ukikauka. Kalibu ilikuwa kiberiti: unachomoa kile kidroo cha ndani, unakilowesha, unashindilia udongo, unapindua, halafu unaukata kwa wembe vipande kumi na viwili. Hayo ndiyo matofali. Kazi ya kukata ilikuwa yangu, kila Jumapili mchana baada ya kula kande, na vidole vyangu vilijaa chale za wembe. Mabati ya paa yalitoka kwenye makopo ya samaki, tukayalaza kwenye maji ya chumvi mpaka yakapata kutu. Migomba ilikuwa magome makavu ya mgomba wenyewe, imechomwa kidogo kwa kijinga cha moto, kwa sababu baba alikumbuka kwamba nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba iliyoungua.

Kipimo kilikuwa vidole vya baba. "Hatua moja, vidole viwili," ndivyo alivyosema, na kwa hilo hakugugumia. Alisimama uani, akafumba macho, akatembea: hatua kumi na mbili urefu, nane upana, tatu kutoka mlangoni mpaka dirishani. Kisha anarudi kwenye ubao, anaweka vidole viwili, viwili, viwili, anachora mstari kwa msumari. Siku moja nilimletea rula yangu ya shule. Akaiangalia, akasema rula haikuwepo siku hiyo.

Majirani walimcheka. Jirani yetu mmoja, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, alisimama kila akipita na mianzi yake begani, na maneno yake hayakubadilika: "Fundi, nyumba za wenzio unajenga nzima, ya kwako unajenga bovu?" Maana baba hakuijenga nyumba ikawa nzima ndipo aibomoe, kama mzungu wa kwenye simu. Aliijenga ikiwa imebomoka tangu tofali la kwanza. Upande mmoja ukuta ukaishia magotini, na upande wa mbele akaacha tundu kubwa, na ufa unaotoka kwenye tundu kushuka mpaka chini. Aliliangalia tundu lile siku nzima. Alikuwa anatoa tofali moja, anarudisha nusu, anatoa tena. Nje akatawanya askari kadhaa wa waya, na chini ya tundu, kwa ndani, akamwaga matofali yaliyovunjika, na juu ya matofali hayo akamlaza askari mmoja wa waya aliyevishwa kitambaa cha kaki. Mama alimfunga shingoni uzi wa kijani. Rafiki yake baba alikuwa na kitambaa cha kijani alichofungwa na mama yake siku anaondoka, hakukivua.

Ilipokamilika baba alituma barua fupi kwa bibi wa Igawa. Safari hii ilieleweka. *Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikuonyeshe mahali alipokaa. Utamjua kwa kitambaa.* Bibi akajibu kwamba anakuja.

Sasa hebu sikiliza ujinga wangu. Wiki ile ile mwalimu mkuu alitangaza mstarini kwamba Jumatano kutakuwa na maonyesho, mgeni rasmi anatoka wilayani, na kila darasa lilete zana. Wenzangu walielewa: zana za kufundishia, yaani machati, dunia ya udongo, saa ya boksi. Mimi nyumbani kwetu zana ilikuwa na maana moja tu. Zana ni za vita. Bunduki ni zana, kifaru ni zana. Nikaamini kabisa kwamba mwalimu mkuu amesikia habari za ubao wa baba na anautaka, na kwamba nisipoupeleka nitachapwa mbele ya shule. Nikarudi nyumbani nalia. Baba akakataa. Nikalia zaidi. Mama akasema, "Mpe mtoto, ni siku moja tu, Jumamosi bado mbali." Baba akaubeba ubao mwenyewe kichwani mpaka shuleni Jumanne asubuhi, akafika mlangoni akarudi kuhakikisha umekaa sawa, akaenda kazini.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa chokaa. Alipaka chokaa mawe ya njiani, mashina ya miti, hata mdomo wa shimo la takataka. Alikuja akausimamia ubao wetu, mikono nyuma, akauliza, "Hiki nini?" Nikamwambia ni zana. "Zana ya nini? Hili ni gofu!" Akageuka kuwatazama walimu wengine. "Mgeni rasmi atoke wilayani kote huko, aje aoneshwe gofu? Ataandika nini kwenye ripoti? Kwamba shuleni kwangu watoto wanafundishwa kubomoa?" Nikajaribu kusema kwamba ni nyumba ya vita. Akainama, uso karibu na wangu, na kwa upole kabisa, na upole huo ndio nisiomsamehe, akasema, "Binti wa fundi, unajua wahenga walisema nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, ziba."

Nauchukia msemo huo. Nimesikia watu wenye akili zao wakiutumia kwa mambo ya maana, ndoa, afya, mabomba yanayovuja, na kila nikiusikia nainuka naondoka.

Nikaziba. Saruji ilikuwepo, iliyobaki kwenye kazi ya vyoo vya shule. Nilitumia kijiko cha chai kama mwiko. Na nitakwambia ukweli mbaya kuliko yote: nilifurahia. Walimu walisimama kuniangalia, wakanong'onezana kwamba mtoto huyu amerithi mkono wa baba yake, na mimi nikazidi kulainisha. Niliuinua ukuta ulioishia magotini. Nilijaza tundu matofali, nikapiga plasta juu yake, mkono mwepesi, bila kurudia rudia. Wakaleta rangi, chini bluu, juu nyeupe, sawasawa na ofisi ya kata. Wakakata bati jipya la kopo, linang'aa, likawa paa. Migomba iliyoungua ikang'olewa. Vijiwe vikapangwa njia ya kuingilia, vikapakwa chokaa. Askari wote wakasimamishwa mstari mmoja mbele ya mlango, gwaride. Yule mwenye uzi wa kijani alikuwa ameshatolewa, amewekwa pembeni kwenye kifuniko cha kopo. Mwalimu mkuu akamnyooshea chaki. "Na huyo mvivu aliyelala, mwinue." Nikamnyoosha miguu, nikamsimamisha wa kwanza kulia.

Jumatano mgeni rasmi hakuja. Tulisimama juani tangu saa mbili mpaka saa nane, ngoma ya ng'ombe imewambwa, wimbo umeshikwa, saa nane ikaletwa habari kwamba ana udhuru, atakuja Jumamosi. Jumamosi ile ile. Baba alikuja jioni kuchukua ubao wake akakuta ofisi imefungwa, mwalimu mkuu akamwambia asiwe na haraka, Jumamosi si siku tatu tu, na mgeni wake huyo wa Igawa aje naye aone maonyesho, shule ni ya wote. Baba alikubali. Aliona ni heshima. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mikono ina saruji kwenye kucha, nikanyamaza. Nikanyamaza Alhamisi wakati baba anafua koti lake. Nikanyamaza Ijumaa mama alipochinja kuku. Mgeni rasmi angekuja siku yake, plasta ingekuwa bado mbichi, baba angeikwangua kwa kucha. Siku tatu zilitosha. Ilikauka, ikawa jiwe.

Jumamosi mgeni rasmi alifika saa saba. Alipita kwenye meza zetu kwa muda usiozidi wa kunywa soda moja. Kwenye ubao wa baba alisimama, akagonga paa kwa kidole, akasema, "Naam. Nyumba bora." Watu wakapiga makofi. Nikapewa madaftari sita na mche wa sabuni, nikapigwa picha. Kisha akaingia ofisini kula, na kuku walikuwa wengi.

Ndipo baba akaingia getini na bibi wa Igawa. Alikuwa mama mfupi, mweusi, amejitanda khanga mbili mpya, kichwani ana kifurushi cha mchele aliotuletea. Alikuwa ametoka kwao kabla hakujakucha. Nilipomwamkia shikamoo alinishika kichwa akasema, "Kamwene, mjukuu wangu." Baba alikuwa amemshika kiwiko. Sijawahi kumwona baba yangu amenyooka vile, hata kanisani. Alimleta taratibu mpaka mezani, akanyoosha mkono kuonyesha, na mkono ukabaki hewani.

Bibi aliinama. Aliangalia muda mrefu, kwa uangalifu, akaizunguka meza nzima. Akamtafuta mwanawe. Akamwona kwa ule uzi wa kijani, amesimama wa kwanza kulia, mzima, kifua mbele, nyuma yake ukuta mweupe usio na hata mkwaruzo.

"Mwanangu," alimwambia baba, "mbona hii nyumba ni nzima?"

Baba akafungua mdomo. Midomo ikacheza.

"Mimi kwenye barua zako nilielewaga hilo tu, nyumba ilipigwa, ikamwangukia. Sasa naona nyumba nzima. Na mwenyewe naona amesimama." Akanyoosha kidole kimoja akagusa ule uzi. "Basi ni kweli. Ni kweli alitoroka. Ulikuwa unataka nione mwenyewe."

"Si-si-si..." baba akasema. Hakupita hapo. Uso ukamtoka jasho katika baridi ile. Akaivamia plasta kwa kucha za vidole vyake vinavyokunjika, akawa anakwangua pale pale penye tundu, kucha ya gumba ikavunjika, damu ikapaka ule weupe. Mwalimu mkuu akatokea ofisini na kijiti cha meno mdomoni, akakimbia, akamshika mkono. "Mzee! Mzee, vipi? Unaharibu zana ya shule!" Kisha akamgeukia bibi kwa tabasamu. "Karibu mama. Hii ni kazi ya wanafunzi wetu. Ndivyo ilivyokuwa kabisa kabisa, tumefanya utafiti."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Ulimi wangu haukuwa na kigugumizi. Ningeweza kusema maneno manne: bibi, mimi ndiye niliyeziba. Mwalimu mkuu akanitupia jicho moja, na nilikuwa nimekumbatia madaftari sita na sabuni, na sikusema. Nimemlaumu mwalimu mkuu, nimemlaumu mgeni rasmi na udhuru wake, nimelaumu wahenga na ufa wao, na nitaendelea kuwalaumu, wanastahili. Lakini wote hao hawakujua bibi yule amekuja kutafuta nini. Mimi nilijua.

Bibi hakulala kwetu. Alisema basi la jioni linamtosha. Alituachia mchele wote. Ubao ulibaki shuleni kwa sababu tayari ulikuwa mali ya shule, ukawekwa juu ya kabati ofisini, na baba akakatazwa kuugusa. Nyumbani hakunichapa. Nilitamani anichape. Nilimwambia yote usiku ule, nikiwa nimepiga magoti, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba maji ya kunawa.

Mwezi uliofuata alisafiri peke yake mpaka Igawa. Safari hiyo alijikaza, alisema, alitoa maneno yote, moja moja, kuanzia asubuhi mpaka mchana, kombora, ukuta, zamu waliyobadilishana, na plasta ya mtoto wake. Bibi alimsikiliza. Alimpikia wali na samaki. Baadaye akamwambia, "Mwanangu, ahsante. Wewe ni rafiki wa kweli, unamfichia mwenzio. Lakini usijisumbue, mimi nimeshaona kwa macho." Baba aliporudi mama akamuuliza imekuwaje. Akasema, "Alinipikia wali." Hakwenda tena. Bibi alifariki miaka michache baadaye, na nasikia kwenye msiba wake walikuwepo waliosema afadhali amepumzika, mtoto mwenyewe alimtelekeza akaenda kuoa Chunya.

Baba naye hayupo. Mwalimu mkuu alistaafu kwa sherehe. Shule imejengwa upya, na ofisi ile ya zamani imebomolewa, safari hii kwa ruhusa. Nilipokwenda kuuliza habari za ubao hakuna mwalimu aliyejua ninazungumzia nini. Mtu wa mwisho kukumbuka alikuwa yule mgema wa ulanzi, mzee sana sasa, akaniambia ubao wa mninga ule ulitengenezwa kabati.

Basi Jumapili ile, mchele ulipoiva, nilimsimulia mtoto wa dada yangu yote haya. Akasema, "Si uijenge tena, mama mdogo? Mimi nakusaidia." Nikaona kwa nini nisijenge. Igawa bado kuna ukoo wake, kuna watoto wa binamu zake, wanaweza kuona. Nikanunua ubao. Udongo wa kichuguu tuliuchimba njia ya kwenda shambani. Viberiti vya siku hizi ni vya karatasi, kidroo kinalowa kinalegea, ikabidi tuchonge kalibu. Nikaanza kupima: hatua moja, vidole viwili. Nikaviweka vidole vyangu kwenye ubao, nikasita. Vidole vyangu vyembamba. Vya baba vilikuwa vya mwashi, vimepanuka. Kipimo chenyewe tumekizika. Nikakisia, nikaongeza kidogo, nikaendelea.

Ukuta wa mbele umesimama. Mlango uko mahali pake, dirisha liko hatua tatu kutoka mlangoni, hilo nalikumbuka. Nikashika wembe nitoboe tundu. Nikafumba macho kama baba alivyofanya uani, nikalitafuta. Lilikuwa kulia kwa dirisha au kushoto? Juu ya kizingiti au chini? Nililiona kila siku kwa miezi. Nilimkatia matofali yake. Lakini nikifumba macho naona ukuta mmoja tu, laini, bluu chini, nyeupe juu, na damu kidogo, na hata damu ile siioni ilikuwa upande gani.

"Toboa popote tu, mama mdogo," mtoto akasema. "Nani atajua?"

Nilimfokea mpaka akatoka nje, maskini, na hakuwa na kosa. Mtoto wa yule bibi hakufia popote tu. Alifia mahali, na mtu mmoja alipajua kwa vidole vyake, na mimi nikapaziba kwa kijiko cha chai, mkono mwepesi, bila kurudia rudia. Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo. Wembe uko mezani, na ukuta uko mezani, mzima.